Saa Tatu za Matrah

Kampuni imenipa saa tatu kuwaonyesha Maskati.
Miaka elfu kwa saa tatu: marehemu mama
angesema ni kumnywesha ngamia kwa kijiko.
Nainua kibendera changu cha njano, nawahesabu:
ishirini na watatu, wote wa Quanzhou,
mji wa bandari huko Uchina, mkongwe, waniambia,
na wao kwao ndio huonyesha wageni.

Kituo cha kwanza, chetezo kikubwa cha Riyam,
cheupe juu ya mwamba. Picha.
Kituo cha pili, ngome, kwa nje tu, dakika kumi.
Nasema ninayolipwa kusema.
Jua limekaa juu ya majabali
kama mkwe aliyekuja kwa siku mbili.

Sokoni, chini ya dari la mbao,
ubani wa Dhofar umepangwa kwa heshima zake:
huu wa wakubwa, huu wa majirani,
huu wa kufukuzia mbu.
Abdulrasul anisalimu kwa Kiswahili cha Bujumbura:
"Waambie riali sita."
"Tatu, na wewe wajua ni tatu."
Tunacheka, na wageni nao wanacheka,
maana kicheko hakina forodha.

Bibi Ding Yuezhen, mwalimu mstaafu, kofia ya ukindu,
akapindua chetezo kidogo, akasoma kitako chake,
miwani ikamdondoka kwa kucheka:
"Kimetoka kwetu! Nimevuka bahari kumfuata jirani!"
Abdulrasul akalitazama dari
kana kwamba ndiyo kwanza analiona.
Alikinunua hata hivyo. Kwa riali nne.

Kituo cha nne hakimo kwenye karatasi.
Ni kibaraza cha duka la chai, karaki mbili, hiliki nyingi,
na Bibi Ding anisogezea simu:
jiwe la kaburi, kijivu, limemeguka bega,
kuvu ya kijani ndani ya herufi.
"Liko makumbusho ya kwetu. Tangu utoto nalipita.
Nyumbani, meza ya wazee waliokufa
hatuiwekei nguruwe. Niliuliza kwa nini,
nikaambiwa, kula.
Nisomee."

Kichina changu ni cha madarasa ya jioni,
kina matundu kama kifumio cha bibi.
Kwa hiyo Kiarabu cha jiwe kilipita kwanza
kwenye Kiswahili cha mama, kikapumzika,
kikanywa maji, ndipo kikaendelea.
Kila nafsi itaonja mauti. Hilo nilijua bila kusoma.
Kisha: *huyu ni mgeni.* Kisha jina, nusu.
Kisha mji wake, na hapo ndipo jiwe lilipokatika.
Imebaki herufi moja. Swadi.

"Mji gani?"
Swadi ya Sohar. Swadi ya Sur.
Swadi ya Sanaa, si yetu kabisa.
Ningeweza kusema Sohar; bakhshishi ingekuwa nzuri
na basi lingeondoka na mtu mwenye kwao.
Nikamwambia: "Limevunjika hapo pa mji."

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka.
Nami, sijui kwa nini, nikamwambia habari za mama:
amelala Amerat, jiwe lake halina hata herufi,
ndivyo tuzikavyo;
namjua kwa hatua, mia na arobaini toka getini,
kisha kushoto, na mara mbili nimemsomea
mama wa mtu mwingine.

Honi. Dereva Khamees hana subira na historia.
"Nichoree hiyo moja," akasema Bibi Ding.
Nikamchorea swadi kiganjani kwa kalamu ya kampuni,
tumbo lake, mkia wake,
naye akapanda basi ngumi imefumbwa,
akashika nguzo kwa mkono mwingine.

Nikawahesabu mlangoni: ishirini na wanne.
Nikarudia, taratibu, kwa kidole.
Ishirini na wanne.
"Wametimia?" akauliza Khamees.
Nikasema wametimia, twende.